Begi la Mama Stoo

Mama Stoo hakuwa mtu wa kudanganywa na gunia. Akitumbukiza mkono ndani ya maharage alijua papo hapo kama yalikaa karibu na ukuta wenye unyevu, kama wadudu wameshaingia au bado wanapiga hodi, na kama aliyeyaleta ni mfanyabiashara au mwizi mwenye mizani. Stoo ya shule ya bweni aliyoitunza ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja la wavu. Magunia yalilala juu ya mbao yasiguse sakafu, na vyakula vya zamani vilikaa mbele ya vipya ili vitoke kwanza. Wakuu wa shule walikuja na kuhamishwa, wapishi waliajiriwa na kuacha kazi, yeye akabaki na funguo zake kiunoni. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyozi kwa sababu ndiyo kazi yake, alimwita Stoo, na alivyolitamka yeye, jina hilo lilipendeza kuliko "mpenzi".

Kwa hiyo siku gari la kipaza sauti lilipopita mtaani likitangaza kwamba mto umejaa kupita kiasi, na kwamba kila nyumba iweke karibu na mlango begi la dharura lenye chakula kidogo, chepesi, cha kukaa muda mrefu na kisichotaka moto, majirani walitoka nje kuulizana waweke nini. Yeye hakutoka. Mwenye shoka hakosi kuni. Alitandika kanga kuukuu mezani, akavaa miwani, akaanza kuchagua.

Laiti mambo yangekomea mezani pale. Lakini hayakukomea, na ili mtu aelewe alichokifanya Mama Stoo, lazima kwanza asikie habari za kidole.

Kinyozi alikuwa na kisukari, kile cha kujidunga sindano kila siku. Tena alikuwa mwongo wa sukari. Katika mambo mengine yote ungemkabidhi nyumba na ufunguo wake, ukasafiri ukarudi ukakuta hata kijiko hakijahama. Lakini palipo na kitu kitamu, Kinyozi alikuwa mtu mwingine. Soda aliinywa kibandani kwake ndani ya kikombe cha povu la kunyolea. Asali aliyokutwa nayo ilikuwa, eti, ya kulainishia ndevu za wateja. Keki iliyokutwa nyuma ya kioo ilikuwa ya mgeni, na mgeni huyo hajafika mpaka leo. Mama Stoo alimgombeza huku akicheka, maana Kinyozi akidanganya alikuwa na uso mzito kuliko wa hakimu, na nani angeweza kuutazama uso ule asicheke?

Halafu kiatu kikamchubua mguu. Kidonda kidogo tu, cha kubandika plasta na kusahau. Kikagoma kupona, kikanuka, na mwishowe daktari akakikata kidole gumba. Mama Stoo alikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, viatu vya mumewe vikiwa mapajani, na pale pale akaapa kwamba sukari haitakanyaga tena nyumbani kwake akiwa hai. Na haikukanyaga. Chai ilinywewa bila sukari na wenyeji na wageni. Wifi yake, yaani dada wa Kinyozi, muuza mitumba sokoni aliyekuwa akiishi nao tangu ndoa yake ivunjike, alinung'unika kwamba hata magereza wana huruma zaidi. Mama Stoo hakujali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye akiona chupa ya soda hata kwa jirani, moyo ulimwenda mbio.

Sasa, katika hali hiyo, Kinyozi akarudi kutoka kliniki siku moja, akakaa kwenye kiti, akavaa uso wake wa hakimu.

"Mke wangu," akasema, "nesi kaniambia nitembee na pipi mfukoni."

Mama Stoo alicheka hadi akashika ukuta.

"Nesi gani huyo? Wa kiwanda cha pipi?"

"Haki ya Mungu. Anasema hii sindano yenyewe inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, hasa kama sijala. Ikishuka natetemeka, natoka jasho, nazimika kama taa. Dawa yake ni kitu kitamu, hapo hapo."

"Na keki je? Hakukuandikia keki?"

Kinyozi akajaribu kushikilia uso, ukamponyoka. Hakuwahi kumwona mtu anacheka akaweza kuacha kucheka naye. Tabia hiyo ndiyo iliyomfanya apendwe na wateja, na ndiyo iliyommaliza. Walicheka wote wawili, na habari ya nesi ikaishia hapo.

Basi turudi mezani. Unga aliukataa: bila moto unga ni vumbi. Dagaa aliwanusa kwa muda, akawaweka kando kwa sababu ya chumvi, maana chumvi ingewatia kiu na maji ya kunywa yenyewe ni mzigo wa kubeba. Mkate ni wa leo na kesho. Vya kopo hukaa miaka, lakini kopo ni zito kwa mtu anayekimbia na mume anayechechemea. Biskuti ngumu alizishika, akasoma maandishi ya pakiti, akaliona neno sukari, akazirudisha kana kwamba zimemng'ata. Mwishowe zikabaki karanga za kukaanga zisizo na chumvi, soya za kukaanga, na vipande vya nyama iliyokaushwa hadi ikawa kama mkanda. Alivifunga katika mifuko midogo ya plastiki, akaikamua hewa kwa kiganja, akaifunga tena kwa kitambaa. Vyote viliingia kwenye begi moja la mgongoni na nafasi ikabaki. Alijisikia vizuri sana.

Kinyozi alitoka kuoga, akaliangalia begi.

"Mto ukija tutageuka kasuku."

"Kasuku anaishi miaka mingi."

"Kwa sababu hajaoa mtunza stoo." Akatia mkono mfukoni, akaweka pakiti ya pipi katikati ya kanga. "Sasa wewe mwenye sheria, hebu nijibu. Hiki si kidogo? Si chepesi? Kinataka moto? Na si wewe uliyeniambia kwamba ukikikinga na unyevu na sisimizi, stooni kwako hakuna kitu kinachokaa kuliko sukari?"

Ilikuwa kweli. Kama angekuwa anafunga begi la mtu mwingine yeyote, mtoto wa shule au jirani, sukari ingekuwa ya kwanza kuingia. Unga huharibika, mafuta huchacha, nyama hushikwa na ukungu. Sukari hukaa tu, inamngoja mwenyewe. Hata hivyo aliichukua ile pakiti kwa vidole viwili akaiweka kwenye mkoba wake wa kazini.

"Stoo." Kinyozi hakuwa anacheka tena. "Safari hii sitanii."

"Hata asali ya ndevu hukutania."

"Naogopa, mke wangu. Kuna siku kibandani ilinishuka nikaona kioo kinayumba. Mteja aliniokoa na soda yake."

"Kumbe na soda bado unakunywa!"

Akamtazama mkewe. "Haya, bosi," akasema, akaenda kusafisha mashine zake za kunyolea.

Sauti ile Mama Stoo aliisikia. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye: si kwamba hakuisikia. Aliisikia vizuri, akaona ni tofauti, na akili yake ikamwambia kwamba mumewe amepata ufundi mpya wa uongo. Njia ya mwongo ni fupi, alijiambia, na kesho yake akawagawia wapishi wa shule zile pipi huku akiwasimulia kisa cha nesi. Jiko zima lilicheka.

Mama Stoo hakuwa mtu wa kufunga begi akalisahau. Vya zamani hutoka, vipya huingia; ndivyo stoo inavyoendeshwa na ndivyo alivyoliendesha begi. Kila baada ya muda alilifungua, akala zile karanga za mwanzo, akaweka mpya. Na siku moja, alipofika chini kabisa, akakuta soksi ya Kinyozi imekunjwa, na ndani ya soksi kuna pipi. Alizitoa.  Alirudisha soksi tupu, akairudishia mkunjo wake, akapanga karanga juu yake, akafunga zipu, akacheka peke yake kwa ushindi. Ulikuwa mchezo wao wa miaka mingi, na yeye hakuona kwamba safari hii mwenzake hachezi.

Maji yalikuja asubuhi. Kinyozi alikuwa ameshajidunga sindano yake, maana katika hilo hakuwahi kudanganya wala kuchelewa, na alikuwa amekaa akingoja chai na mayai. Wifi ndiye aliyepiga kelele kutoka uani. Maji yalipita chini ya mlango yakiwa na rangi ya udongo, kimya, kama mgeni asiyetaka kusumbua, na kabla hawajamaliza kuinua godoro yalikuwa magotini. Mlango wa mbele ulikataa kufunguka. Walitokea dirisha la nyuma, wakapanda ngazi ambayo Kinyozi aliitumia kuziba bati, wifi mbele, Mama Stoo katikati na begi mgongoni, na Kinyozi nyuma akiwasukuma wote wawili kwa mabega yake. Kisha akarudi chini kuchukua dumu la maji ya kunywa. Alipofika juu alikuwa anahema sana, na mayai yake yalikuwa yanaelea jikoni pamoja na sufuria, meza na kipimo chake cha kupimia sukari ya damu.

Juu ya bati mvua iliendelea. Mtaa ulikuwa umebaki vichwa vya nyumba. Kwenye paa la jirani, ng'ambo ya kile kilichokuwa kichochoro, fundi redio na mkewe walikuwa wamekaa na mwamvuli mmoja na kuku. Wote watano walisalimiana, kwa sababu watu husalimiana hata hapo. Mama Stoo akafungua begi, akagawa karanga, akagawa nyama, na kwa kitambo kifupi, Mungu amsamehe, akawa na furaha. Hakuna aliyekuwa na begi kama lake. Wifi alikula akakiri kwamba magereza haya yana chakula.

Kinyozi alikula kidogo. Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka.

"Baridi hiyo," alisema Mama Stoo, akamfunika kanga iliyoloa.

"Si baridi. Angalia." Akaugusa uso wake. Jasho lilikuwa linamtoka, nene, likichanganyika na mvua. "Imeshuka. Nilijidunga, sikula."

"Si umekula sasa hivi?"

"Karanga hizi hazitoshi. Niletee begi."

Akalivuta mwenyewe. Hakuwa na wasiwasi wowote. Hilo Mama Stoo alilishuhudia na hataweza kulifuta. Alitoa mifuko ya karanga mmoja mmoja akaiweka pembeni, akatoa soya, akatia mkono hadi chini kwa utulivu wa mtu anayejua alikoweka kitu chake, na uso wake wa hakimu ukaanza kutabasamu, uso wa mtu anayekaribia kumwonyesha mkewe kwamba mara hii amepitwa. Akaitoa soksi. Akaikunjua. Akaiminya kuanzia juu hadi kwenye vidole.

Akamtazama mkewe.

"Umenishinda, Stoo," akasema, akacheka.

Wifi, aliyekuwa amewapa mgongo akitazama maji, alisikia kicheko akacheka naye. Alidhani mume na mke wanataniana kama kawaida yao.

Mama Stoo alijua hapo hapo. Hakuhitaji nesi. Mtu anayedanganya ili ale pipi hawezi kucheka namna ile pipi zinapokosekana, hununa.  Alilipindua begi, akalikung'uta, akapapasa mishono yake kwa kucha. Akashika mifuko yake mwenyewe, akapata funguo za stoo, funguo za chumba ambacho ndani yake, pengine chini ya maji, kulikuwa na magunia ya sukari yaliyopangwa mpaka dirishani.

"Wifi, una kitu kitamu? Chochote! Mfukoni, popote!"

"Mimi? Nani alinipa ruhusa?" Wifi alijibu kwa mzaha, kisha akamwona kaka yake, akaacha mzaha.

Kinyozi alikuwa ameanza kusema maneno yasiyofuatana. Alimwambia mteja asiyekuwepo ainamishe kichwa. Aligombana na mvua. Mama Stoo akasimama kwenye ukingo wa bati, akapaza sauti kwa fundi redio, na sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Jirani! Sukari! Mna sukari?"

Fundi redio hakuelewa. Nani anaomba sukari siku kama ile? Ilibidi aambiwe tena na tena, mara na wifi, mara na Mama Stoo, mpaka mkewe akaelewa, akafungua ndoo yao akatoa chupa ya soda iliyobaki nusu. Walikaa mbali kiasi ambacho siku nyingine watoto huruka. Lakini kichochoro kile sasa kilikuwa kinakimbia na magogo na milango ya watu. Fundi alijaribu kushusha mguu, mkewe akamshika mkanda akipiga mayowe. Basi akaifunga chupa vizuri, akarudi nyuma hatua chache, akairusha.

Alirusha kwa moyo wote. Chupa iligonga ukingo wa bati, karibu na mkono wa wifi uliokuwa umenyooshwa, ikadunda ikaanguka majini. Wakaiona ikiinuka, nyeusi na nyekundu, ikizunguka mara moja mbele yao kama inayotafuta njia. Kisha maji yakaipeleka. Fundi redio alikaa chini akajifunika uso.

Mama Stoo alirudi kwa mumewe akampakata. Alitafuna karanga mwenyewe mpaka zikawa uji, akamtia mdomoni kwa kidole, kama ndege na kinda lake. Hakumeza. Zilimtoka pembeni ya midomo, na yeye akazifuta, akatafuna nyingine. "Meza, mume wangu. Meza tu hii. Nakuomba." Alimwahidi pipi. Alimwahidi keki, soda, asali, chai ya sukari hadi kijiko kisimame. Aliahidi vitu vyote alivyomnyima, kwa sauti kubwa, mpaka wifi akaanza kulia kwa kumsikiliza. Mwili wa Kinyozi ukakakamaa, ukatikisika kwa nguvu hata wote wawili wakalazimika kuulalia asiteleze, kisha ukalegea ukawa mzito.

Boti ilifika mchana mvua ikikatika. Waliokuja nayo walikuwa wavulana wenye nguvu na maneno ya kutia moyo. Walimbeba Kinyozi wakampeleka kwenye hema lililokuwa limefungwa kwenye uwanja wa juu, na daktari, mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akamtoboa kidole, akasoma kipimo, akapiga kelele aletewe dripu. Alifanya yote yaliyowezekana. Alipomaliza alibaki amechuchumaa, ameushika mkono ule usio na kazi tena.

"Alikuwa anatumia sindano?" akauliza taratibu.

"Ndiyo."

"Hapakuwa na kitu chochote kitamu cha kumpa? Hata kijiko kimoja cha sukari kingemshikilia."

"Hapakuwa," alisema wifi, akimkumbatia Mama Stoo. "Begi lilikuwa na karanga tu."

Watu husema majuto ni mjukuu. Ya Mama Stoo yalikuwa yameshakua, yamekaa naye kwenye lile hema, yakimtazama usoni.

Msiba uliwekwa kwa mama mzazi wa Kinyozi, bikizee aliyeishi upande wa mlimani ambako maji hayakufika. Watu walikuja wengi. Kinyozi alivijua vichwa vya mtaa mzima. Walisimulia uongo wake mmoja baada ya mwingine, kikombe cha povu, keki ya mgeni, wakacheka huku wakifuta machozi. Mama Stoo alikaa katikati yao na kila hadithi ilimwingia kama mwiba. Mchana wa siku iliyofuata maziko alishindwa kuvumilia. Alimfuata wifi yake uani alikokuwa anafua nguo za tope, akachuchumaa mbele ya beseni.

"Wifi. Aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba sukari inaweza kushuka. Nesi alimwambia atembee na pipi. Nikamcheka. Aliniwekea pipi mezani ziingie kwenye begi, nikazikataa. Akaficha nyingine kwenye soksi ndani ya begi, nikazitoa, nikamrudishia soksi yake tupu. Kule juu ya bati, pipi hizo ndizo alizokuwa anazitafuta."

Wifi alikuwa anakamua shati. Aliendelea kulikamua, ingawa halikuwa na tone la maji lililobaki.

"Soksi," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilicheka." Shati likaanguka kwenye beseni. "Alisema umemshinda, nikacheka. Nilimpa mgongo kaka yangu nikacheka."

"Hukujua, wifi. Mimi ndiye niliyejua."

 Mama Stoo alingoja kofi, alingoja tusi, alilitamani. Angekuwa radhi kufukuzwa pale pale na nguo alizovaa. Kutoka ndani walisikia wanawake wakiimba polepole, na bikizee akikohoa.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu. Nataka kumwambia mama."

Wifi akainua kichwa. Macho yake yalikuwa makavu na hayakuwa na urafiki hata kidogo.

"Huendi kumwambia mama."

"Ana haki ya kujua. Ni mwanawe."

"Kwa hiyo wewe utatua mzigo, na yeye atwikwe? Kizee yule? Sasa hivi anaamini mwanawe alichukuliwa na mafuriko kama watu wengine. Anaamini alikuwa na mke. Ndicho kilichobaki kinachompa usingizi." Akaliokota shati, akalitandika kwenye kamba kwa uangalifu, akanyoosha kola. "Mimi umeshanipa, siwezi kukurudishia. Lakini kwa mama usifike. Utabeba mwenyewe, wifi. Na utabeba umenyamaza."

"Mpaka lini?"

 Wifi alilichukua beseni akamwaga maji ya tope ukutani, akaingia ndani.

Mama Stoo alibaki akikodolea lile shati. Lilikuwa la kazini, lenye mifuko miwili mikubwa ya kutilia vitana. Alipoona ameweza kusimama, alisimama, akanawa uso, akaingia chumbani walikokaa wanawake. Bikizee alikuwa amemwekea nafasi kwenye mkeka, ubavuni pake, na aliyetaka kuikalia alikuwa amekatazwa. Alipomwona aliinyoosha mikono yake yote miwili.

"Njoo, mkwe wangu. Njoo hapa nilipo."

Mama Stoo akakaa. Bikizee akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu ili wote wakione.

"Mtazameni huyu," akawaambia wanawake. "Huyu ndiye aliyenitunzia mwanangu. Kilipokatwa kidole, mimi nilijua sitamwona mwaka wa pili. Huyu akasema hapana. Miaka yote hii sukari haikukanyaga nyumba yake. Alimlinda kama yai. Nyinyi mlioolewa juzi, mjifunze kwake."

Wanawake waliitikia kwa vichwa. Mmoja akamfuta machozi Mama Stoo kwa ncha ya kanga yake. Mlangoni wifi alikuwa amesimama na beseni tupu, anamtazama, anangoja.

"Ahsante, mama," alisema Mama Stoo.